Ukiwa huna hela ya hospitali, anzia ustawi wa jamii

Kama huna hela ya matibabu, nenda ofisi ya ustawi wa jamii kabla hujapewa namba ya malipo. Maneno hayo nimeyarudia kuliko nilivyowahi kuwaambia wanangu waoge. Nilikuwa afisa ustawi wa jamii kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa, huku kanda ya kati, mpaka nilipostaafu. Sasa nafuga kuku, lakini mtaani bado naitwa Mama Ustawi, na hodi za jioni haziishi: mtoto kalazwa, bili imefika laki tatu, tufanyeje mama? Wengi wao hospitali waliwahi. Walichochelewa ni kuingia chumba kinachohusika.

Naandika kuhusu Tanzania Bara na hospitali za serikali. Zanzibar wana utaratibu wao, na hospitali ya mtu binafsi ina bei zake na mwenyewe wa kumuomba.

Kuchelewa kunaumiza hivi. Mgonjwa akishapita dirishani, akalipia kumwona daktari na kipimo cha kwanza kwa hela ya kuazima, kwenye mfumo wa hospitali ameshakuwa mgonjwa wa kulipia. Kuanzia hapo kila anachoandikiwa kinajumlishwa: vipimo vya damu, picha, kitanda, dripu, uzi wa kushonea. Siku akifika mezani kwangu anakuwa ananiomba nimfutie deni ambalo mhasibu ameshaliingiza kwenye hesabu zake. Hilo sina mamlaka nalo peke yangu. Linapanda kwa mganga mfawidhi, yaani daktari anayeiongoza hospitali, linarudi na maswali, na mgonjwa aliyeruhusiwa Jumatatu unamkuta Alhamisi bado yupo wodini akingoja majibu. Yule aliyeanzia kwangu nilimsikiliza, nikajaza fomu, faili lake likaandikwa msamaha, na kila idara aliyopita ikajua namna ya kumhudumia.

Aibu ndiyo inayowachelewesha. Mtu atauza mbuzi, ataweka simu rehani, atakopa kwenye kikoba, na vyote vikiisha ndipo anauliza ustawi wa jamii ni chumba kipi. Kwa mtu wa namna hiyo, mbuzi wale wangebaki zizini na msamaha angepata vilevile, kwa sababu hata kabla ya kuuza alikuwa hajiwezi.

Wanaosamehewa kwa kundi

Hospitali zetu zilianza kuchangisha wagonjwa mwaka 1993. Msamaha ulikuja pamoja na kuchangia, haukuongezwa baadaye kwa huruma ya mtu. Sera ya Afya ya 2007 imeutaja waziwazi. Kwa hiyo ukisimama dirishani kuuliza, unauliza jambo lililoandikwa. Huombi sadaka.

Watoto walio chini ya miaka mitano hawalipi. Chini ya mitano maana yake hajaitimiza. Akishaitimiza, mlango huo umefungwa na unatafuta mwingine. Kadi ya kliniki ndiyo ushahidi, kwa hiyo usiiache nyumbani hata kama mtoto anapelekwa kwa mafua tu.

Wajawazito hawalipi kliniki, hawalipi kujifungua, na hawalipi huduma za baada ya kujifungua. Hapa nisidanganye watu. Sera inasema bure, lakini kabati la wodi linasema glavu zimeisha. Mama anaambiwa aje na glavu, pamba, wembe na mpira wa kutandika. Ushauri wangu: mimba ikifika miezi saba, muulize muuguzi wa kliniki kwa sauti ya kawaida kabisa, “Sista, siku hizi hapa kinachokosekana ni nini?” Atakutajia. Unanunua kimoja leo na kingine mwezi ujao, badala ya mume kukimbizwa duka la dawa saa tisa usiku akiwa na elfu tatu mfukoni.

Wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wanatibiwa bure kwa kitambulisho kinachotolewa na halmashauri kupitia mtendaji wa mtaa au kijiji na ofisi ya ustawi wa jamii. Mimi mwenyewe umri huo nimeufikia, lakini nina pensheni, basi nalipa, na sioni ubaya. Unavyoona bango la “Mzee Kwanza” hospitalini, bango lile ni la kukupisha kwenye foleni. Halikulipii. Kinacholipia ni kitambulisho, na kitambulisho kinatafutwa ukiwa mzima. Mzee akishalazwa hawezi kwenda kupigwa picha ya pasipoti.

Kuna magonjwa pia. Vipimo vya makohozi na dawa za kifua kikuu ni bure. Dawa za ukoma ni bure. Kupima virusi vya UKIMWI na dawa za kufubaza ni bure. Sera imetaja vilevile magonjwa sugu mengine kama saratani, kisukari, selimundu na magonjwa ya akili, ila huko utekelezaji unatofautiana kati ya hospitali na hospitali, kwa hiyo mwambie afisa ugonjwa wako kwa jina lake, usiseme “naumwa siku nyingi.” Na jambo linalowakera wengi: msamaha wa ugonjwa unafuata ugonjwa huo. Anayetumia dawa za kifua kikuu akivunjika mguu, mguu ni habari nyingine.

Ukienda hospitali ya dini, uliza kwanza kama ni hospitali teule. Hospitali teule zina makubaliano na halmashauri kutoa huduma kama za serikali, na mengi ya haya yanafanya kazi hapo. Isiyo teule haibanwi nayo.

Barua ya mtendaji, na inavyotakiwa isomeke

Kama humo kote huna kundi, umebaki na msamaha wa asiyejiweza. Huu unathibitishwa, na uthibitisho unaanzia kwa mtendaji wa mtaa au wa kijiji unakoishi. Barua zenyewe nimesoma nyingi mno, na nyingi hazikuwa na msaada wowote kwa mgonjwa. Zinasomeka hivi: “Mtajwa hapo juu ni mkazi wa mtaa wangu. Naomba apatiwe msaada. Ahsante kwa ushirikiano.” Na muhuri. Mimi nifanye nini na hiyo? Hata diwani ni mkazi wa mtaa huo.

Barua inayofanya kazi inaeleza maisha. Inasema mama huyu anaishi na wajukuu watatu kwenye chumba kimoja cha kupanga, anauza mchicha, mume alishafariki, mtoto wake mkubwa yupo lakini naye ni kibarua asiye na kazi ya kudumu, na kaya imo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Mistari minne tu, lakini afisa akiisoma ana cha kuandika kwenye fomu. Kwa hiyo ukienda kwa mtendaji usikae kimya kwenye benchi ukingoja karatasi. Kaa naye, mweleze kwa ufupi, na kabla hajapiga muhuri mwombe akusomee. Akikasirika, mwambie ustawi wa jamii hospitali ndio wanaotaka hivyo. Nitupieni lawama mimi, nimeshastaafu.

Ambatisha nakala ya kitambulisho chochote ulicho nacho: cha NIDA, cha mpiga kura, cha TASAF. Andika namba ya simu ya ndugu mmoja anayepatikana. Kama mtendaji hayupo, na mara nyingi hayupo, mwenyekiti wa mtaa anajulikana ofisini kwetu. Barua yake inafungua mazungumzo wakati ya mtendaji inatafutwa.

Barua hiyo hainunuliwi. Akikutajia hela ya karatasi na wino, muulize risiti.

Na tafadhali, mgonjwa anayetapika damu asikalishwe nyumbani kungoja barua. Dharura inatibiwa kwanza. Mpeleke, mwambie wa mapokezi kwamba hali ni ya dharura na hamna hela, kisha mmoja wenu arudi kijijini kufuata barua huku mgonjwa yupo kitandani. Afisa akishajua mapema kwamba barua inakuja, anaweza kukuandika kwa muda. Asichoweza ni kusaidia mtu ambaye hajui kama yupo.

Ukikaa mbele ya afisa

Watu wanaingia ofisi ile kama wameitwa polisi. Wengine wanaazima nguo zilizochanika ili waonekane maskini zaidi, na sisi tunaona, kwa sababu viatu havifanani na kanga. Njoo ulivyo.

Utaulizwa unaishi na nani, mnakula nini, nyumba ni yako au ya kupanga, una shamba, una mifugo, ndugu wapo wapi, na mara ya mwisho ulipougua ulilipaje. Swali la ndugu ndilo linaloharibu mambo. Mtu anaapa hana ndugu hata mmoja duniani, halafu saa ya kuona wagonjwa wodini kwake wamejaa shangazi wanane na ndoo za uji. Kuwa na ndugu hakukunyimi msamaha. Sema wapo, sema wanafanya nini, sema wameshatoa kiasi gani. Ukisema “mdogo wangu alitoa elfu ishirini, tukanunulia dawa, risiti hii hapa,” umenithibitishia umaskini kuliko machozi.

Nakumbuka bibi mmoja kutoka vijijini, kaja na mjukuu aliyeungua maji ya ugali. Nilimwamkia, akaitika, nikaanza.

“Mama, mjukuu ana miaka mingapi?”

“Mitano haijatimia, mwanangu.”

Mtoto amesimama pembeni, meno ya mbele yameng’oka yote mawili, na begi la shule mgongoni. Nikamwambia bibi anipe kadi ya kliniki. Ana saba.

“Mama, kwa nini lakini?”

“Si hapo mlangoni wamesema mwenye miaka mitano ndiye halipi.”

Kumbe bibi huyo kaya yake ilikuwa TASAF, mama wa mtoto alishafariki, baba hajulikani aliko. Kwa mlango wa asiyejiweza alikuwa anapita bila mtu kumuuliza mara mbili. Alichukua uongo wa mlango ambao hata haukuwa wake. Nilimwandika, mtoto akatibiwa, lakini afisa mwingine aliyechoka angeishia kwenye ile kadi akaandika “taarifa si za kweli”, na fomu ikafia hapo. Mlinzi wa getini na muuza maji nje ya geti wana sheria zao za msamaha. Msiwasikilize.

Majibu hayawi ndiyo au hapana peke yake. Unaweza kusamehewa yote, ukasamehewa nusu, au ukakubaliwa kulipa kidogo kidogo. Kama una elfu kumi kweli, itaje. Ukikubaliwa, hakikisha msamaha umeingizwa kwenye mfumo au umeandikwa kwenye faili kabla hujatoka ofisini, na uliza unagusa nini: kumwona daktari tu, au na vipimo, na dawa, na upasuaji? Nimeona wagonjwa wakirudishwa maabara kwa sababu msamaha wao ulikuwa kichwani mwa afisa aliyekwenda chakula cha mchana.

Kwa nini karani ana uso mkavu

Hili sikuwaambia wagonjwa nilipokuwa kazini. Mgonjwa akisamehewa, hakuna mtu anayemrudishia mkuu wa hospitali ile hela. Hospitali inategemea makusanyo ya dirishani kununua dawa, kulipa vibarua wa usafi, kuweka mafuta kwenye jenereta. Msamaha ni amri iliyotoka juu, fedha zake zikabaki hukohuko. Ndiyo maana karani anakuuliza maswali kama anatoa mfukoni mwake, na ndiyo maana dawa mara nyingi ni “hakuna, kanunue nje” hata kwa mwenye msamaha.

Ukijua hivyo utajua pa kusukuma. Kumgombeza karani ni kupoteza pumzi. Mtajie kundi lako, “mtoto huyu ana miaka miwili, kadi hii hapa,” kisha nyamaza. Akikataa, uliza ofisi ya ustawi. Ustawi ikikataa, omba kumwona mganga mfawidhi. Namba za simu za malalamiko hubandikwa ukutani, mara nyingi nyuma ya mlango uliofunguliwa wazi zisionekane. Funga mlango uone. Namba ya Wizara ya Afya ni 199, na kupiga ni bure.

Hela inayotoka bila sababu

Umaskini mwingi wa hospitali hautokani na bili moja kubwa. Unatokana na kuanzia pasipo pake. Mtu ana malaria anaruka zahanati ya kijiji, anaruka kituo cha afya, anapanda basi hadi hospitali ya mkoa kwa sababu “huko kuna madaktari.” Analipa nauli, analipa kumwona daktari kwa bei ya mkoa, analala kwa ndugu, na dawa anayopewa ni ileile iliyokuwa kwenye kabati la zahanati. Anzia chini. Zahanati wakishindwa, watakuandikia rufaa, na ile karatasi ya rufaa ina thamani: inakupokelesha, inaokoa vipimo vilivyokwishafanyika, na kwa mwenye bima au msamaha ndiyo inayoubeba kutoka ngazi moja kwenda nyingine. Usiikunje ukaweka kwenye sidiria ikaloa jasho. Nimepokea hizo nyingi pia.

Daktari akiandika vipimo vitano na wewe una hela ya viwili, mwambie. “Daktari, hapa kipi ni cha lazima leo?” Wengi wanajibu vizuri na wanapunguza. Wasiopunguza watakueleza sababu, na sababu hiyo nayo ipeleke ustawi.

Dawa ikikosekana hospitali, mwombe aliyekuandikia aandike jina la dawa yenyewe, asiandike la kampuni. Dawa moja inaweza kuwa na boksi tatu za bei tatu dukani, na muuzaji atakupa ya kwanza kushuka kwenye rafu, ambayo si ya bei ndogo. Uliza, “Hii hii ya kampuni nyingine ipo?” Kwa dawa ya presha au kisukari utakayoimeza kila mwezi mpaka mwisho, swali hilo ni hela nyingi.

Damu haiuzwi. Utaombwa ndugu wachangie kurudishia benki ya damu, na hilo ni haki, nendeni mchangie. Lakini mtu yeyote, hata awe na koti jeupe, akikunong’onezea kwamba chupa ipo kwa bei fulani, huyo ni mwizi. Jina lake na saa aliyokwambia mpelekee mganga mfawidhi.

Aliyegongwa na pikipiki au kupigwa anahitaji PF3 kutoka polisi. Fomu hiyo hutolewa bure. Mahututi anahudumiwa huku ndugu wanaifuata. Itolee nakala, na risiti zote zihifadhi pamoja nayo, maana ndizo utakazozitumia kudai fidia kwa bima ya chombo kilichomgonga. Watu wanatupa risiti wodini, halafu miezi sita baadaye wanazitafuta kwa mganga wa kienyeji.

Umeumia kazini? Hapa ndipo napandwa na hasira. Kibarua wa kiwandani anakatwa kidole na mashine, mwajiri anampa elfu hamsini na pole, naye anakuja kwangu kuomba msamaha wa hospitali. Upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya 2008, na matibabu ya aliyeumia kazini ni sehemu ya kazi yake. Anayeuchangia ni mwajiri, wewe hukatwi hata senti. Mwajiri anatakiwa atoe taarifa ya ajali. Asipotoa, nenda mwenyewe ofisi za WCF au ofisi ya kazi ya mkoa ukiwa na jina la kampuni, tarehe, na shahidi mmoja aliyekuwa zamu na wewe. Kuna maafisa rasilimali watu walionijia juu kwa kuwaeleza vibarua jambo hili. Niliendelea kuwaeleza.

Uchungu ukianza usiku, au mjamzito akitoka damu, au mtoto mchanga akibadilika, piga 115. Ni namba ya m-mama, simu ni bure, na usafiri ni bure. Kituo kinaweza kutuma gari la wagonjwa au dereva wa kijijini kwenu aliyeandikishwa kwa kazi hiyo, naye hulipwa na mpango, halipwi na wewe. Iandike namba hiyo kwa chaki ukutani. Ukiitafuta kwenye simu gizani huku mtu analia, huioni.

Mwanamke anayevuja mkojo baada ya uzazi, aliyejificha nyumba ya nyuma akidhani karogwa: fistula inatibika. Hospitali ya CCBRT Dar es Salaam imekuwa ikiitibu bila malipo, na hata nauli ya kumleta mgonjwa kutoka mikoani imekuwa ikilipwa. Mganga wa zahanati yako akiwasiliana nao, safari inapangwa.

Na ukisikia tangazo la madaktari bingwa wanaokuja kambi kwenye hospitali ya wilaya, kama wale wanaoitwa Madaktari Bingwa wa Rais Samia, nenda kajiandikishe mapema. Usitegemee kila kitu kitakuwa bure, lakini utakuwa umeokoa nauli ya kwenda Dodoma au Muhimbili na kulala kwenye korido za ndugu.

Bima

Kwa mwenye kipato kidogo lakini kipo, CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, iliyoanza 2018, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, na Dar es Salaam 150,000. Gawanya elfu thelathini kwa siku za mwaka, haifiki hata shilingi mia kwa siku. Kasoro yake ilikuwa ileile ya kabati tupu: kadi unayo, dawa hakuna, watu wakarudi wakisema ni utapeli. Mimi sikuwahi kusema ni utapeli, kwa sababu upasuaji mmoja tu wa mtoto unarudisha miaka mingi ya michango. Niliwaambia wakate kadi na waweke kando kidogo ya dawa.

Sasa mambo yanahamia kwenye bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake Bunge liliipitisha Novemba 2023. Sheria hiyo imeweka na mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Bei na utaratibu wa mwaka huu vipo kwa afisa mwandikishaji kwenye kata yako, muulize yeye. La kwako la kufanya leo ni kuhakikisha kaya yako inajulikana: jina lipo kwenye daftari la mtaa, watoto wote wameandikwa, vyeti vya kuzaliwa vipo, na kama kaya ni maskini, mkutano wa mtaa unaowatambua wasiojiweza usikupite ukiwa sokoni. Asiyejiweza ambaye hayumo kwenye karatasi yoyote, serikali haimwoni. Na bima ikatwe mkiwa wazima. Anayekuja kukata kadi amembeba mgonjwa mgongoni anauliza kitu ambacho hakuna bima inayokipenda.

Bili ikiwa imeshafika

Umesoma yote haya na mgonjwa wako tayari anadaiwa. Nenda ustawi leo, usingoje siku ya kuruhusiwa. Omba bili iliyochanganuliwa, mstari kwa mstari, ukae nayo na mtu anayejua kusoma. Angalia dawa ulizonunua nje mwenyewe kama hazijaandikwa tena humo, na siku za kitanda kama ni za kweli. Mtoto wa miaka mitatu akiwa na bili ya vipimo, hapo hamna la kujadili, ni kosa la kuingiza, onyesha kadi.

Kinachobaki, omba mkataba wa kulipa kwa awamu. Taja kiasi unachokiweza kweli. Mtu anaahidi elfu hamsini kwa mwezi ili aruhusiwe haraka, mwezi wa pili hapokei simu, na mwaka ujao akirudi na mtoto mwingine jina lake lipo kwenye orodha. Ahidi elfu tano uilipe.

Mgonjwa akifariki, maiti haitakiwi kuzuiwa kwa sababu ya deni. Wizara ya Afya imeshalitolea maelekezo hilo zaidi ya mara moja. Familia inazungumza na uongozi, inaandika namna itakavyolipa au inaomba msamaha, na mwili unatoka. Msiende kundi la watu ishirini mkipiga kelele mochwari. Waende wawili, mmoja awe mtu mzima anayejua kuongea, na karatasi ya makubaliano isainiwe pande zote mbili, nakala moja mbaki nayo ninyi. Kila awamu mnayolipa mnapewa risiti ya serikali yenye namba ya malipo. Ya kuandikwa kwa mkono kwenye kipande cha daftari msiipokee.